Jiwe na Kwao: Bujumbura na Elimu ya Kutambua Asili ya Madini

Msafiri atokaye Kigoma kwa njia ya maji huiona milima kabla ya kuuona mji. Mkono wa kushoto husimama milima mirefu ya Kongo nyuma ya mji wa Uvira. Mkono wa kulia hupanda vilima vya Burundi, kimoja nyuma ya kingine, hata macho yakachoka kuvihesabu. Mbele yake, pale Ziwa Tanganyika linapokoma, limelala bonde pana la mto Rusizi. Ndipo yanapojitokeza maghala ya bandari, winchi za kupakulia shehena na mapaa ya nyumba yaliyotandazwa kati ya miti. Hiyo ndiyo Bujumbura.

Mjerumani alijenga hapa kituo cha askari mwishoni mwa karne ya 19, na mji ukaitwa Usumbura. Mbelgiji akautwaa mwaka 1916 na kulibakiza jina hilo. Burundi ilipojipatia uhuru wake tarehe 1 Julai 1962, mji ukaitwa Bujumbura. Mwaka 2019 sheria iliifanya Gitega, iliyoko katikati ya nchi, kuwa mji mkuu wa kisiasa. Lakini biashara, mabenki na bandari vimebaki hapa penye maji. Katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya barazani na sokoni, mgeni wa Kigoma, Mombasa au Kalemie hahitaji mkalimani. Atakaribishwa mukeke wa kuchoma au ndagala wa kukaanga, na mazungumzo yataendelea kama yuko kwao.

Bandarini hupita saruji na sukari, bidhaa ambazo kila mtu anazijua. Iko na shehena nyingine, ndogo kwa ujazo na kubwa kwa thamani, ambayo wachache huiona kwa macho. Hiyo ni madini. Na juu ya madini hayo mji wa Bujumbura umepata kazi isiyo ya kawaida: kusaidia kujibu swali ambalo jiwe lenyewe haliwezi kulijibu kwa kinywa, yaani, limezaliwa wapi.

JIWE LENYE MAANDISHI

Kusini mwa mji, mwendo wa kilomita 12 hivi, pana jiwe kubwa mahali paitwapo Mugere. Juu yake yamechongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Watu hao walikuwa wamekwisha kutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi na wapiga kasia wao kuelekea kaskazini, wakiwa na swali moja: Je, mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Huko Ulaya wanajiografia walikuwa wakibishana, kwa kuwa kama mto ungekuwa unatoka, huenda Ziwa Tanganyika lingekuwa chanzo cha Nile. Walipofika mlangoni mwa mto waliona maji yakiingia. Ubishi juu ya Rusizi ukaisha siku hiyo, kwa sababu watu walikwenda wakatazama.

Jiwe la Mugere lina bahati ya kuandikwa. Mawe mengine yote hupita duniani bila maandishi. Kipande cheusi cha koltani kilichotoka kilima cha Burundi hufanana sana, kwa macho ya mtu, na kile kilichotoka ng'ambo ya mpaka. Mwenye kukibeba anaweza kusema lolote, na karatasi aliyonayo inaweza kusema lolote pia. Kwa hiyo imebidi wataalamu wajifunze kuyasoma maandishi yale ambayo hayakuchongwa na mkono wa binadamu.

UTAJIRI ULIO CHINI YA VILIMA

Burundi ni nchi ndogo, lakini ardhi yake haikunyimwa. Kilomita 20 hivi kutoka Bujumbura, juu ya vilima vya kusini-mashariki, ipo Gakara, penye madini yale yanayohitajiwa kwa kutengenezea sumaku zenye nguvu sana. Wabelgiji walianza kuyachimba mwaka 1948, na kazi ikasimama mwaka 1978. Ikafufuliwa mwaka 2017, na mwaka 2021 serikali ikaisimamisha tena. Huko Musongati ipo nikeli nyingi. Upande wa Mabayi, kaskazini-magharibi, na upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki, wananchi huchimba dhahabu. Kabarore, upande wa Kayanza, hutoa koltani na kasiteriti. Mjini Bujumbura kwenyewe lipo Jumba la Makumbusho ya Jiolojia, ambamo sampuli za mawe na visukuku zimewekwa ili mtoto wa shule aone nchi yake imejengwa kwa nini.

Kasiteriti ndiyo jiwe linalotoa bati. Koltani hutoa tantali, chuma adimu kinachotumika kutengenezea vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na redio za mawasiliano. Askari aliye doria akibonyeza kitufe cha redio yake, huenda anashika mkononi chembe iliyotoka katika ukanda huu wa Maziwa Makuu. Ukanda huo wa miamba umeanzia kusini-magharibi mwa Uganda na Karagwe, ukapita Rwanda na Burundi, ukaingia Kongo. Miamba haikuuliza mpaka. Mipaka ilikuja baadaye sana.

GUNIA LA MWEMA NA GUNIA LA MWIZI

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Vita vilipoenea mashariki ya Kongo kuanzia miaka ya 1990, migodi mingi iliangukia mikononi mwa watu wenye bunduki. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliunda jopo la wataalamu kuchunguza uporaji wa mali ya Kongo, na ripoti ya mwaka 2001 ikaeleza jinsi madini yalivyovushwa mpaka na kuuzwa nje kupitia nchi jirani. Mwezi Julai 2010 Marekani ikapitisha sheria iliyozitaka kampuni zake kubwa zieleze kama bati, tantali, tangisteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au katika nchi zinazopakana nayo. Burundi ni mojawapo ya nchi hizo.

Nia ya sheria hiyo ilikuwa njema, lakini maumivu yake hayakuchagua. Wapo wanunuzi walioona heri kuacha kununua katika ukanda mzima kuliko kuchunguza gunia moja moja. Mchimbaji mwenye kibali, anayeamka alfajiri na sururu yake ili watoto wapate ada na mama yao apate kitenge, alijikuta jiwe lake halali likitazamwa kama jiwe la wizi. Hakuwa na njia ya kuonyesha tofauti. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba elimu ya kutambua asili ya madini ni kwa ajili ya kumkamata mhalifu tu. Faida yake ya kwanza ni kumtoa mtu mwema katika kundi la wabaya.

Makao makuu ya Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu yako Bujumbura. Chombo hicho, chenye nchi wanachama 12, zikiwemo Burundi, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, kilizaliwa kutokana na mkataba uliotiwa saini Nairobi mwezi Desemba 2006. Tarehe 15 Desemba 2010 wakuu wa nchi hizo walikutana Lusaka wakakubaliana kuzuia uchimbaji na uuzaji haramu wa maliasili. Utaratibu waliouweka ni huu: mgodi ukaguliwe, gunia litiwe lebo, kila anayelipokea aandikwe, na mwishoni cheti kitolewe kabla ya mzigo kuondoka. Lakini cheti ni karatasi, na lebo inaweza kufungwa kwenye gunia lisilo lake. Ndipo maabara inapoitwa kutoa ushahidi.

JIWE GANI HILI?

Elimu hii haikuanza na koltani. Ilianza na vito, kwa sababu vito vimekuwa vikiwadanganya watu tangu zamani. Mbele ya taji la ufalme wa Uingereza lipo jiwe kubwa jekundu liitwalo rubi ya Black Prince. Karne kwa karne likaheshimiwa kama rubi, kumbe ni spineli, jiwe la aina nyingine kabisa. Macho ya wafalme hayakuona tofauti.

Mtaalamu wa leo hategemei rangi. Anacho chombo kidogo kinachopima jinsi nuru inavyopinda iingiapo ndani ya jiwe. Kipimo cha rubi ni 1.76 hadi 1.77, na cha spineli ni 1.72 hivi, hapo hakuna kubishana. Hupima pia uzito kwa kulinganisha na maji: rubi ni nzito mara nne kuliko maji ya ujazo ule ule, na spineli ni mara 3.6. Kisha hutazama kwa hadubini ndani ya jiwe, atafute viputo vya hewa vinavyoisaliti chupa iliyoyeyushwa, au mistari iliyopinda inayolisaliti jiwe lililotengenezwa kiwandani.

Katika nyumba nyingi umo mkufu wa bibi au pete ya arusi ambayo watu hutaka kujua ukweli wake. Mwenye nyumba akipata lenzi ya sonara inayokuza mara 10 anaweza kutafuta viputo hivyo mwenyewe. Lakini asilikwaruze jiwe kwa wembe wala kulitia motoni. Wengi wameharibu kito cha kweli kwa kutaka kuhakikisha kuwa ni cha kweli. Tanzanaiti ni laini kuliko vumbi la mchanga, na zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zake zisionekane, nayo hutoka kwa maji ya moto. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha kusafishia. Anayetaka hakika kamili na ampelekee mtaalamu mwenye vyombo.

LIMETOKA WAPI?

Kujua jina la jiwe ni rahisi kuliko kujua kwao. Katika karne ya 20 Mswisi Eduard Gübelin wa mji wa Lucerne alitumia maisha yake kutazama uchafu mdogo mdogo ulionaswa ndani ya vito: sindano nyembamba, matone ya maji ya kale, chembe za mawe mengine. Uchafu huo, uliodharauliwa na wauzaji, akauonyesha kuwa ni kumbukumbu ya mahali jiwe lilipokulia. Rubi za Mogok huko Burma zilikulia ndani ya mawe ya marumaru, penye chuma kidogo, nazo huwaka wekundu mkali zikimulikwa kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Rubi za Montepuez huko Msumbiji, zilizogunduliwa mwaka 2009, zilikulia katika miamba ya namna nyingine, na kwa kawaida zina chuma kingi zaidi.

Tanzanaiti ina jambo lake la pekee. Iligunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, Tanzania, na mpaka sasa haichimbwi kibiashara mahali pengine popote. Hapo ukilijua jina umekwisha kujua kwao. Hata hivyo kujua kwao hakukuzuia magendo, na mwaka 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 kuizunguka migodi hiyo, uliojengwa na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa.

Koltani haikujaliwa upekee huo, kwa kuwa hupatikana katika nchi nyingi. Mwaka 2006 taasisi ya serikali ya Ujerumani ya sayansi ya ardhi, iliyoko Hannover, ilianza kuichunguza, na Frank Melcher na wenzake wakatunga njia waliyoifananisha na alama za vidole. Baadaye njia hiyo ikaletwa kwa nchi za Maziwa Makuu ili iwe chombo cha kuhakiki vyeti vyao.

Kazi huenda hivi. Kiasi kidogo cha mchanga wa madini hugandishwa ndani ya utomvu mgumu na kusuguliwa mpaka uso wake uwe laini kama kioo. Hadubini ya elektroni huhesabu ni madini gani yaliyomo na kwa kiasi gani. Kisha mwali wa leza huchimba katika punje moja moja kitundu kisichozidi unene wa unywele, na moshi wake hupelekwa katika mashine inayopima elementi zilizomo, hata zile ambazo ni chembe chache katika milioni.

Chembe hizo chache ndizo zinazosema. Mawe haya yaliganda kutokana na umajimaji wa moto uliopenya katika nyufa za miamba. Akina mama wawili wanaweza kupika pilau kwa mchele na viungo vya duka moja, lakini maji ya kisima, moshi wa kuni na mkono wa mpishi huacha tofauti katika kila chungu. Vivyo hivyo kila kilima kilipika kwa namna yake, na ladha hiyo haikutoka tena.

Jiwe husema pia umri wake. Ndani ya koltani mna urani kidogo, ambayo polepole hugeuka kuwa risasi, ile ya kundi la bati. Aina kuu ya urani hupungua kwa nusu katika muda wa miaka bilioni 4.47, na mwendo huo hauchelewi wala hauharakishwi. Akipima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, mtaalamu hupata umri. Koltani ya Burundi, Rwanda na Kivu ina umri wa karibu miaka bilioni moja. Ile ya Alto Ligonha huko Msumbiji ina nusu ya umri huo tu. Basi mtu akileta gunia na kuapa kwamba limetoka Msumbiji, na punje zake zikasema miaka bilioni moja, njia ya mwongo ni fupi.

MAHALI ELIMU INAPOISHIA

Pamoja na hayo, haifai kuifanya maabara kuwa mganga ajuaye yote. Kila askari wa upelelezi anajua kwamba alama ya kidole haina maana ikiwa hakuna daftari la kulinganishia. Ndivyo ilivyo kwa madini. Lazima sampuli zikusanywe kwanza kutoka kila mgodi, kwa miguu, kilima kwa kilima, ziwekwe katika kumbukumbu. Mgodi usiomo katika kumbukumbu hautajwi. Na kwa vile migodi ya Burundi na ya majirani zake imo katika ukanda mmoja, umri peke yake hautoshi kuitenganisha. Hapo hutegemewa zile elementi chache. Tena maabara haitoi jina la mhalifu. Inachoweza kusema ni kwamba gunia hili linakubaliana na mgodi ulioandikwa kwenye cheti chake, au halikubaliani.

Mchanganyiko ni adui mwingine. Magunia ya migodi mitano yakimwagwa pamoja katika ghala moja, sauti tano husema kwa wakati mmoja, na kuzitenga ni kazi ngumu. Dhahabu ni mbaya zaidi. Koltani husafirishwa ikiwa bado ni jiwe, lakini dhahabu hutiwa kalibuni mara tu baada ya kuchimbwa, huchanganywa na nyingine na kusafishwa. Ikishafikia usafi wa kiwandani, karibu kumbukumbu yote ya kilima chake imeungua. Ndiyo sababu dhahabu imekuwa kipenzi cha walanguzi wa ukanda huu.

Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa ukweli hayuko Hannover wala hana koti jeupe. Ni yule aliye kwenye kizuizi cha barabara, penye mvua na vumbi, gari likisimama mbele yake saa nane za usiku. Akihakikisha lebo haijakatwa, akapima uzito na kuulinganisha na ulioandikwa, akaandika saa na jina la dereva, na asiruhusu magunia mawili kumwagwa pamoja, amehifadhi kielelezo. Akifumba macho kwa ajili ya noti iliyokunjwa, mashine yenye thamani ya nyumba nyingi haiwezi kurudisha alichokipoteza. Leza husoma kile tu kilichofikishwa kwake kikiwa salama.

Jioni joto la Bujumbura hupungua, na upepo wa ziwani huanza kupanda mpaka vilimani. Wavuvi husukuma mitumbwi yao na taa za kuvutia ndagala, na punde maji yote mbele ya mji hujaa nuru ndogo ndogo. Mlangoni mwa Rusizi mto huendelea kumwaga mchanga wake ziwani kama ulivyofanya mwaka 1871, mchanga wa Burundi, wa Rwanda na wa Kongo ukiwa umechanganyika, usiweze kutengwa tena. Huko Kabarore mchimbaji huosha sururu yake na kulifunga gunia la siku hiyo. Gunia hilo bado ni la mgodi mmoja, na jina lake linajulikana. Kulifikisha Bujumbura likiwa vivyo hivyo ni kazi ya watu wengi, na kila mmoja wao ana zamu yake.